Uliza Ujibiwe: Kilima cha Mama Mwema juu ya Marseille

Toleo lililopita niliandika mistari mitatu tu kuhusu kilima cha Notre-Dame de la Garde, kule Marseille kusini mwa Ufaransa, nikasema ningeambiwa nichague sehemu moja tu ya kusimama niione Bahari ya Mediterania na mji wake kwa mpigo, ningechagua pale bila kufikiri mara mbili. Basi barua zimemiminika, zingine ndefu kuliko makala yenyewe, ahsanteni sana jamani. Leo ukurasa wote nautoa kwa kilima hicho.

SWALI: Anti shikamoo. Mwezi ujao naenda Ufaransa kikazi na nimepata siku moja tu ya kupita Marseille, naingia na treni asubuhi naondoka jioni. Wenzangu wa ofisini wananiambia nisihangaike na vilima, nishuke mjini nizunguke madukani basi. Nusu siku nzima kwa ajili ya kutazama tu mji, kweli inafaa? Na kama inafaa napandaje?
Binti wa Safari

JIBU: Marahaba mwanangu. Inafaa, tena nakuomba usiikose, maana maduka utayakuta kila utakakokwenda ila mji unaoweza kuusoma wote kwa kusimama sehemu moja ni michache sana duniani.

Kwanza hata hutahitaji kuuliza njia. Ukitoka stesheni ya Saint-Charles, kabla hujashuka zile ngazi zake kubwa za mawe, na ziko 104 nilizihesabu mwenyewe, simama juu kabisa uangalie mbele, utaona ng'ambo ya mapaa yote kilima kimesimama peke yake na juu yake kanisa, na juu ya kanisa kitu kinang'aa kama kuna mtu kawasha taa mchana. Ndo yeye huyo. Ni sanamu ya Bikira Maria na Mwanae, shaba iliyopakwa dhahabu, urefu wake mita 11.2 na uzito unakaribia tani 10, ipo pale tangu 1870. Watu wa Marseille hawasemi Notre-Dame de la Garde kila saa, wanasema la Bonne Mère, yaani Mama Mwema, na utasikia wanaitaja hata wakikosa basi, hata timu yao ya mpira ikikosa goli.

Shuka ngazi, nyoosha mpaka mtaa wa Canebière ambao unakupeleka moja kwa moja mpaka Vieux-Port, bandari ya zamani. Ukiwahi asubuhi utakuta wavuvi wamepanga samaki kwenye meza pembeni ya maji, wengine bado wanaruka, pita hapo taratibu. Halafu kuna njia mbili, basi namba 60 linalopita bandarini na kukufikisha karibu na mlango wa kanisa, au miguu yako. Kama una viatu vizuri na huna mzigo, nenda kwa miguu, ni kama nusu saa hivi. Utapita mitaa ya kawaida kabisa ya watu wanaoishi, nguo zimeanikwa madirishani, paka kalala juu ya boneti ya gari, afu unaingia boulevard André Aune na hapo ndo utajua kuwa unapanda kilima, barabara imesimama kama ukuta na mwisho wake juu kabisa unaona lile kanisa lenye mistari ya mawe meupe na ya kijani. Kila ukisimama kuvuta pumzi geuka nyuma. Mara ya kwanza utaona mapaa tu, mara ya pili milingoti ya boti, mara ya tatu bandari yote iko chini yako, yaani mji unajifunua kidogo kidogo, na raha hiyo mtu wa basi haipati.

Sasa ukifika juu, na hapa ndo nataka unisikilize mwanangu, usifanye kama wengi wanavyofanya. Wanafika wanahema, wanageuza mgongo kwa bahari, selfi tatu, wanashuka. Dakika kumi na mbili niliwahi kuwapimia kundi zima. Wewe uwanja wa nje uzunguke wote, maana kilima kina kama mita 150 na hakuna kitu kinachokizidi hapo karibu, pande zote nne ziko wazi, na kila upande una habari zake.

Anza na kaskazini, upande wa bandari. Ile ghuba ndogo ya mstatili unayoiona chini imejaa boti nyeupe, humo ndimo waliingia Wagiriki kutoka Phocaea, mji wa pwani ya Uturuki ya leo, karibu miaka 600 kabla ya Kristo wakaanzisha mji wakauita Massalia, ndo maana Wafaransa wanasema huu ni mji wao mkongwe kuliko yote. Mdomo wa bandari unalindwa na ngome mbili, Saint-Jean upande wa kulia na Saint-Nicolas upande wa kushoto. Sasa tazama vizuri majengo ya ukingo wa pili wa bandari, upande wa Saint-Jean. Utaona jengo la manispaa ni la zamani limerembwa sana, lakini majengo yaliyolizunguka yamenyooka, yamefanana, ni ya juzi tu. Mimi mara ya kwanza nilidhani ni mipango miji. Kumbe Januari 1943 Wajerumani wakisaidiwa na polisi wa Kifaransa waliwatoa watu zaidi ya 20,000 kwenye mtaa ule, na mwezi Februari wakaulipua kwa baruti, nyumba kama 1,500 zikaenda chini. Nyuma yake, pale mapaa yanapobanana na kupanda mlima, ni mtaa wa le Panier uliobaki. Kwa hiyo mpaka kati ya kilicholipuliwa na kilichosalimika unauona kwa macho yako, hauhitaji kitabu. Mbele zaidi kidogo kuna kanisa kuu liitwalo la Major, lenye makuba, halafu bandari mpya ya meli kubwa inakwenda mbali, na jengo refu la vioo limejikunja kiunoni, hilo lilichorwa na Zaha Hadid, mwanamama wa Iraki, lina mita 147.

Geuka magharibi, hiyo ni bahari tupu na visiwa. Kile kidogo cha mbele chenye ngome ni If, kilikuwa gereza miaka mingi, wafungwa walikuwa wanauona mji kila siku na hawaufikii. Nyuma yake Ratonneau na Pomègues, vinaitwa Frioul, viliunganishwa kwa ukuta wa mawe karne ya 19. Huko ndiko meli na abiria wenye maradhi walikuwa wanazuiliwa wasiingie mjini. Mwaka 1720 meli moja kutoka Mashariki, le Grand-Saint-Antoine, ilikuja na tauni, bidhaa zake zikaruhusiwa kushushwa kabla ya wakati, na karibu nusu ya watu wa mji walikufa. Ukiwa pale juu unaona umbali wenyewe, kutoka visiwani mpaka nyumbani kwa mtu ni hatua mbili tu za maji, unaelewa kwa nini walikuwa wanaiogopa kila tanga inayotokeza.

Kusini utaona paa jeupe linalopinda kama wimbi, ni Vélodrome, uwanja wa Olympique de Marseille unaoingiza watu 67,000, siku ya mechi kelele zinafika kilimani. Nyuma yake milima ya chokaa meupe, Marseilleveyre, inakodondokea baharini kuwa zile hori za maji ya buluu wanazoziita calanques. Mashariki ni mji tu, nyumba juu ya nyumba mpaka miguu ya milima, huko wengi hawaangalii na mimi napapenda, maana unaona mji wenyewe unavyoishi bila bahari.

Jipe saa moja huko juu, sio pungufu. Ukishuka bado una mchana mzima wa hao wenzako na maduka yao.

SWALI: Mdogo wangu, mie ni mtu mzima, magoti yote mawili yananisumbua na mwanangu anayeishi Ufaransa anataka kunipeleka huko Marseille na wajukuu. Ngazi siziwezi. Nibaki chini nikawangoje?
Bibi wa Watatu

JIBU: Shikamoo mama. Hapana, usibaki chini hata kidogo! Basi namba 60 linapanda mpaka kwenye maegesho chini kidogo ya kanisa, au kuna kile kitreni cha magurudumu kinachochukua wageni bandarini, wajukuu watakipenda zaidi, kinazunguka kando ya bahari kabla ya kupanda. Ukishashuka hapo kuna ngazi bado, na wengi hukata tamaa wakiziona, ila mama ziko lifti za kukupandisha, mwambie mwanao aulize mara tu mkifika, asikuache uanze kujikongoja na ngazi kwa kuona haya. Na juu kuna mabenchi na kuta fupi za kukalia.

Tena nikwambie kitu, wewe sio wa kwanza kuuliza. Watu wazima wa Marseille nao walikuwa wanalia na kilima hicho hicho, mpaka 1892 wakajengewa lifti kubwa ya mlimani, vibehewa viwili vimefungwa kamba, kimoja kikijazwa maji kinakuwa kizito kinashuka, kikishuka kinamvuta mwenzie juu, basi, ni uzito wa maji ndo unavisukuma. Ilifanya kazi mpaka 1967, magari yalipozidi ikakosa abiria, na miaka ya 70 ikabomolewa. Ukiwasimulia wajukuu hiyo ya maji watakuuliza maswali njia nzima.

Nenda siku isiyo na upepo, chukua shali hata kama chini kuna joto, na epuka tarehe 15 Agosti, ni sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria mbinguni, watu ni wengi hutapata pa kukaa.

SWALI: Asalaam aleikum Anti. Mimi ni Muislamu, nimevutiwa na ulivyoandika ila naona hapo ni kanisa. Je mtu wa dini nyingine anaruhusiwa kwenda kwa ajili ya mandhari tu, au nitaonekana nimevamia ibada ya watu? Na mke wangu anavaa hijabu.
Baba Safari

JIBU: Waaleikum salaam kaka. Swali zuri na limeulizwa kwa adabu, nami nitakujibu nilivyoona kwa macho yangu.

Uwanja wa kutazamia uko nje, unalizunguka jengo, unaweza kukaa siku nzima ukatazama bahari bila kuvuka mlango wa kanisa. Hakuna anayekuuliza dini. Wanawake wenye hijabu nimewakuta pale kila mara niliyopanda, wengine ni wenyeji kabisa wamekuja na watoto na chupa ya chai kupunga upepo. Marseille ni mji wa bandari kaka, una Waalgeria, Watunisia, Waarmenia, Waitaliano, Wayahudi, na Wangazija, tena Wangazija ni wengi mno, maelfu kwa maelfu, wazee wao walikuja na kazi za melini. Siku moja nilikuwa nimeegemea ukuta wa upande wa magharibi nikasikia nyuma yangu mama wawili wanaongea, nikadhani nimesikia Kiswahili, nikageuka, kumbe ni Kingazija, maneno mengi yanakaribiana. Nikawasalimia kwa Kiswahili, mmoja akanijibu "karibu" akanisogezea mfuko wake wa karanga. Tulikaa pale robo saa nzima, wao kwa lugha yao mimi kwa yangu, tukionyeshana kwa vidole bandari, na yule mkubwa akanionyesha gati ambalo babake alikuwa akishukia. Wangazija wale ni Waislamu, na yule mama alimwita Mama Mwema kama wanavyomwita wenzie wote wa mji, kwao ni alama ya nyumbani.

Hata aliyelichora jengo hilo, Henri-Jacques Espérandieu, hakuwa Mkatoliki, alikuwa Mprotestanti, kijana wa miaka ishirini na kidogo tu alipopewa kazi, na wapo waliolalamika wakati ule. Jengo likawekwa wakfu Juni 5, 1864 na leo hakuna anayekumbuka lalamiko hilo.

Kuingia ndani au kutoingia hilo ni lako na moyo wako, sitakuamulia. Ukiamua kuingia, vaeni nguo za heshima, kofia za jua mnavua wanaume, simu kimya, na kama misa inaendelea kaeni nyuma au mngoje nje. Ila nitakwambia nilichokiona humo, maana mtu wa pwani kitamgusa. Ukiinua macho juu utaona vijimeli vinaning'inia darini kwa nyuzi ndefu. Kuna mashua za matanga, kuna meli za moshi, hata ndege zimo. Kila kimoja kimeletwa na mtu aliyeponea baharini au safarini akaja kuondoa nadhiri. Nilisimama chini ya kimoja, kidogo kama kiganja, tanga lake limekuwa na rangi ya chai kwa uzee, na mkuki wa mbele umevunjika ukaungwa kwa uzi mweusi, mtu alikaa akakishona vile kwa mkono wake. Ukutani vibao vya marumaru vimejaa juu mpaka chini, vingi vimeandikwa neno moja tu, Merci. Ahsante. Basi. Hakuna jina wala mkasa, sijui kama alipona mtoto au mume alirudi.

SWALI: Anti mambo, napenda sana kupiga picha. Saa ngapi mwanga unakuwa mzuri hapo juu, na naweza kurusha droni?
Kijana wa Kamera

JIBU: Poa mdogo wangu. Droni usiibebe. Sheria ya Ufaransa hairuhusu kurusha droni ya kujifurahisha juu ya mitaa ya mji, na hapo chini yako kuna mji mzima, utanyang'anywa na kutozwa faini.

Mwanga sasa. Bandari iko kaskazini ya kilima, na huko jua la mchana halipiti kaskazini hata siku moja, kwa hiyo ukiipiga bandari karibu siku nzima jua liko nyuma yako au ubavuni, huna shida. Visiwa ndo vina masharti, viko magharibi, asubuhi vinapigwa na jua usoni vinaonekana vyeupe kabisa na bahari ni buluu nzito, ukichelewa mpaka alasiri jua linakuingia kwenye lenzi na visiwa vinageuka vivuli vyeusi, ambayo nayo ni nzuri kama ndo unayoitaka. Milango inafunguliwa saa moja asubuhi, uwepo hapo saa hiyo hiyo, utapata wewe, masista wawili watatu na njiwa. Kuanzia saa nne mabasi ya wageni yanaanza kumwaga watu na hapo kila picha yako itakuwa na kofia ya mtu.

Halafu kuna mistral. Huu ni upepo unaoshuka bonde la mto Rhône kutoka kaskazini, mkavu na baridi, ukiamua unavuka kilomita 100 kwa saa na unaweza kukaa siku tatu. Wenyeji wanaulalamikia, wewe uombee uje halafu upungue, maana ukishapita unakuwa umefagia vumbi na ukungu wote, hewa inabaki kama kioo kimefutwa, milima ya mbali unahesabu miamba yake. Nimepanda siku ya joto la Agosti bila upepo, bahari ilikuwa na ukungu wa maziwa, Frioul sikuiona vizuri. Nimepanda kesho yake baada ya mistral ya usiku nikadhani nimeletwa mji mwingine. Ila siku inayovuma kwenyewe usithubutu na stendi ya kamera, kofia vua uweke mfukoni, na watoto washikwe mkono, pale juu hakuna cha kuukinga.

SWALI: Habari ya kazi Anti. Nasoma historia chuoni. Niliwahi kusikia kilima hicho kilipiganiwa Vita vya Pili vya Dunia na kwamba Waafrika walikuwepo. Ni kweli? Na kuna chochote cha kuona?
Mwanafunzi wa Historia

JIBU: Ni kweli mwanangu, na nimefurahi umeuliza maana wageni wengi wanapita mbele ya ushahidi wakitafuta pa kupigia selfi.

Kilima hicho siku zote kilikuwa jicho la mji. Neno garde lenyewe maana yake ulinzi, watu walikuwa wanakaa juu kuangalia meli zinazokuja. Kanisa dogo la kwanza lilijengwa 1214, na miaka ya 1530 mfalme François wa Kwanza akalizungushia ngome, ndo maana mpaka leo ukiangalia chini ya kanisa unaona kuta nene za kijeshi na daraja la kuinuliwa. Kwa hiyo Wajerumani walipouchukua mji nao wakapanda huko huko.

Agosti 1944 jeshi la Ufaransa lilipotua pwani ya Provence, askari wengi walikuwa wametoka Afrika, na waliopewa kukipanda kilima hiki ni kikosi cha 7 cha tirailleurs wa Algeria, yaani askari wa miguu wa makoloni. Agosti 25, 1944 walikitwaa, wakipanda mitaa ile ile yenye mwinuko niliyomwambia Binti wa Safari apande taratibu, wao walipanda chini ya risasi. Mji mzima ukakombolewa Agosti 28. Katika mapigano hayo kifaru kimoja kilichoitwa Jeanne d'Arc kilipigwa karibu na kilele na watatu kati ya waliokuwemo ndani walikufa.

Kifaru hicho bado kipo, kimewekwa pembeni ya njia ya kupandia, place Colonel Edon, simama usome kibao chake. Halafu nenda ukuta wa kaskazini wa kanisa, weka kiganja chako kwenye jiwe. Utahisi mashimo. Mengine ni madogo kidole kinaingia, mengine mapana kama kikombe na kingo zake zimelainika kwa mvua za miaka yote hiyo. Ni alama za risasi na makombora, hawakuziziba. Nilikaa na kidole changu kwenye shimo moja muda mrefu nikiwawaza vijana wale waliovuka bahari kutoka Afrika kuja kupigania kilima cha watu wengine, wengi hawakuwa hata na haki sawa kwenye nchi waliyoikomboa. Kibao cha kuwataja kipo, ila naona ni kidogo kwa jambo kubwa hivyo, na naomba wewe unayesoma historia uliandike jambo hili.

SWALI: Kiingilio bei gani?
Msomaji

JIBU: Bure. Uwanja bure, kanisa bure. Makumbusho madogo yaliyomo ndani ndo yana tiketi ya euro kadhaa. Mshumaa ukitaka kuwasha kuna sanduku la sadaka.

SWALI: Anti, mimi na mchumba wangu tunataka kwenda kutazama jua likizama hapo juu, tukae mpaka taa za mji ziwake. Tunaomba ushauri.
Wawili

JIBU: Wapendwa wangu, hongereni. Sasa hili nililipitia mwenyewe kwa hiyo sikilizeni. Milango inafungwa jioni, na majira ya joto huko jua linazama saa tatu na zaidi usiku, kwa hiyo linapozama mmeshatolewa zamani. Mwezi Juni nilipanda kwa miguu saa moja jioni nikiwa na furaha zangu, nikakuta geti limefungwa, nikasimama na watu kama ishirini tunatazamana. Majira ya baridi ndo inawezekana, Desemba jua linazama kama saa kumi na moja jioni, mnaliona lote linaingia baharini, mkiangalia saa ya kufunga ya siku hiyo kabla ya kupanda.

Ila Juni ile sikurudi hotelini. Mzee mmoja mwenye mbwa aliyekuwa anapita aliona nimeduwaa akaninyooshea mkono chini, akasema Pharo, Pharo. Nikashuka, dakika ishirini na tano, ni bustani ya kasri ambalo Napoleon wa Tatu alijenga kwenye rasi mdomoni mwa bandari, nyasi tupu na ukingo wa bahari. Kila mtu alikuwa amekaa chini na mkate wake, vijana, wazee, familia. Jua likazama kwa mbali ng'ambo ya maji, ngome ya Saint-Jean mbele yetu ikawa ya rangi ya asali, halafu ya waridi, halafu kijivu. Nikageuka nyuma kutafuta nilikotoka. Kilima kilikuwa kimeshakuwa cheusi chote, na mwanga wa mwisho umebaki juu kabisa, kwenye ile dhahabu peke yake, kama dakika mbili hivi. Halafu wakawasha taa zake.

Nendeni huko. Bebeni kitu cha kutandika, nyasi zinakuwa na unyevu.